Shajara ya mradi: saketi iliyotengwa ya kujua kama mota inafanya kazi

Jumatatu. Swali kabla ya saketi

Kazi yenyewe ni hii. Kuna mota ya pampu, fezi moja, 230 V, 50 Hz, 0.75 kW, na bamba lake linaonyesha 5.4 A. Ni ile ya kuanzia kwa kapasita: swichi ya ndani huitoa koili ya kuanzia rota ikishafika karibu robo tatu ya kasi yake, kisha koili kuu huendelea peke yake. Inawashwa na rilei ya triaki, yaani swichi ya kielektroniki isiyo na sehemu inayosogea, iliyo ndani ya paneli. Mikrokontrola inayotoa amri hutumia 3.3 V, na mpaka sasa inaamrisha tu bila kujibiwa. Nataka ijibiwe: mota inafanya kazi, au haifanyi. Na jibu hilo lifike bila waya wala njia yoyote ya umeme kati ya upande wa 230 V na upande wa 3.3 V.

Kabla ya kushika kalamu na kuchora, nimekaa na swali lenyewe, maana kuna mambo matatu tofauti ambayo mtu anaweza kuyapima na yote akayaita kazi ya mota. Volti zimefika kwenye terminali. Mkondo unapita kwenye koili. Shafti inazunguka. Mara nyingi yote matatu huenda pamoja, na ndiyo maana ni rahisi kupima moja na kuamini umeyapima yote.

Lakini saketi hii inatakiwa kwa ajili ya siku ambayo hayaendi pamoja. Rota ikikwama, volti zipo na mkondo upo, tena mkubwa mara tano hadi saba ya ule wa bamba, ila shafti imesimama. Swichi ya joto ya ndani ya mota ikijifungua, volti zipo lakini mkondo hakuna. Umeme ukikatwa ghafla, volti na mkondo vyote hutoweka, na shafti bado inazunguka kwa nguvu iliyobaki. Pampu ikikosa maji, vyote vitatu vipo, na bado hakuna kazi inayofanyika.

Nimeandika hali hizi kwenye karatasi na kuibandika mbele ya meza. Kila saketi nitakayoijaribu nitaiuliza: kati ya hizi, unazitambua zipi?

Jumanne. Optokapla kwenye terminali

Nimeanza na njia ambayo mafundi wengi wangeanza nayo: optokapla ya umeme wa AC, yenye LED mbili zilizogeuziana migongo ndani yake, mfano wa PC814 au H11AA1. LED ziko upande wa 230 V, transista ya mwanga iko upande wa 3.3 V, na kinachovuka ni mwanga peke yake.

Hesabu ya rezista ni fupi. Nimeweka tatu za 68 kΩ mfululizo, jumla 204 kΩ. Kwa 230 V unapita mkondo wa takriban 1.1 mA, na joto lote ni kama 0.26 W, yaani chini ya 0.09 W kwa kila rezista. Nimegawa kwa tatu kwa sababu ya volti zaidi kuliko joto. Kilele cha 230 V ni 325 V, na rezista ya kawaida ya robo wati mara nyingi imepewa kikomo cha karibu 250 V. Mtu akiweka moja tu ya 200 kΩ, saketi itafanya kazi vizuri mezani na itakufa taratibu kwenye paneli. Tukiwa na tatu, kila moja hubeba kama 108 V za kilele, na mshtuko wa umeme unapokuja wanagawana.

Nilifikiria kutumia kapasita badala ya rezista ili kuepuka joto, nikaacha. Kwa mkondo wa 1 mA joto ni dogo mno kuwa tatizo, na kapasita huruhusu kelele za masafa ya juu zipite kirahisi kuliko umeme wenyewe tunaoutaka. Pia husogeza mkondo mbele ya volti kwa karibu nyuzi 90, jambo ambalo lingeniharibia kazi ya baadaye.

Upande wa pili: uwiano wa mkondo wa PC814 unaanzia asilimia 20 tu kwa chipu dhaifu. Kwa hiyo 1 mA ya LED inaweza kunipa 0.2 mA tu ya transista. Nimeweka rezista ya 47 kΩ kwenda 3.3 V, ambayo inahitaji 0.07 mA tu ili kushusha pini hadi chini. Nafasi ipo ya kutosha hata LED zikichoka kwa umri.

Pini haikai chini moja kwa moja. Kila volti zinapopita sifuri LED huzima kidogo, kwa hiyo unapata pigo fupi la juu mara 100 kwa sekunde. Niliacha hivyo hivyo bila kapasita ya kulainisha. Programu ndiyo itakayosema: mapigo yanakuja, au hayaji.

Jumatano. Volti za uongo

Leo nimeitazama saketi ya jana ikiwa imeunganishwa na rilei ya triaki, na hapa ndipo mradi ulipopata uzito wake.

Ndani ya rilei ya triaki kuna rezista na kapasita zilizofungwa sambamba na triaki ili kuilinda. Kapasita ya 0.1 µF kwa 50 Hz ina ukinzani wa karibu 32 kΩ. Kwa hiyo hata rilei ikiwa imezimwa, kuna mkondo wa karibu 7 mA unaoweza kupita kuelekea kwenye mzigo. Mota ikiwa imeunganishwa vizuri haudhuru: koili ina ukinzani mdogo, volti zinazobaki juu yake hazifiki hata volti moja, na optokapla inakaa gizani kama inavyotakiwa.

Sasa fungua swichi ya joto ya mota. Koili imetoka. Mkondo ule mdogo hauna tena pa kupitia isipokuwa kwenye optokapla yangu: 230 V kupitia 32 kΩ na 204 kΩ, karibu 1 mA. LED zinawaka. Rilei imezimwa, mota imekatika kwa ndani, na pini ya mikrokontrola inasema volti zipo. Jibu baya linatolewa katika ile saa hasa ambayo jibu linahitajika.

Kuna dawa za nusu. Unaweza kuweka rezista ya kumwaga sambamba na optokapla, lakini ili kuzishusha volti za uongo hadi chache lazima iwe ndogo, na rezista ndogo kwenye 230 V ni hita. Ukichukua 4.7 kΩ, mota ikiwa imewashwa itatoa zaidi ya 11 W za joto bure. Sikubali hilo ndani ya paneli.

Hoja kubwa zaidi ni kwamba optokapla hapa inajibu swali la kwanza tu, la volti. Hata ikijibu kwa usahihi kamili, haijui kama koili imekatika. Nimeiacha kwenye bodi, ila nimeiondolea cheo cha shahidi mkuu.

Alhamisi. Mkondo

Ili kujua koili inachukua umeme, pima mkondo. Njia mbili zilikuwa mezani.

Ya kwanza ni chipu ya ACS712, inayopitisha mkondo ndani yake na kuupima kwa uga wa sumaku. Ya 5 A hutoa 185 mV kwa kila ampea, inapatikana kila mahali, na inapima DC pia. Niliikataa kwa sababu ya utengano. Jedwali lake linasema ilijaribiwa kwa 2,100 V, na wengi husoma hapo wakafunga ukurasa. Lakini jaribio ni jambo moja na volti za kufanyia kazi miaka yote ni jambo jingine. Za kazi ni 354 V za kilele kwa kihami cha msingi, na 184 V tu kwa kihami kilichoimarishwa, yaani kile kinachotosha peke yake kumlinda mtu. Kilele chetu ni 325 V. Upande wa pili wa saketi hii una waya wa USB ambao mtu ataushika kwa mkono, kwa hiyo nahitaji kihami kilichoimarishwa, na chipu hiyo haifiki.

Ya pili ni transfoma ya mkondo, CT. Waya wa mota unapita katikati ya duara la chuma, na koili yenye mizunguko 1,000 juu ya duara hilo inatoa mkondo uliopunguzwa mara elfu. 5 A inakuwa 5 mA. Hakuna kiungo cha 230 V kinachogusa bodi yangu kabisa. Waya una kihami chake, CT ina ganda lake, na kati yao kuna hewa. Nimeipenda sana njia hii kwa sababu utengano hautegemei ustadi wangu wa kuchora bodi.

Mambo mawili ya kushikilia kwa anayeijenga. Pitisha waya mmoja tu, wa laivu au wa nyutro. Ukipitisha kebo nzima yenye nyaya zote mbili, mkondo wa kwenda na wa kurudi hufutana na CT husoma sifuri hata mota ikiunguruma. Na usiiache CT wazi bila rezista ya mzigo wakati mkondo unapita, kwa sababu volti za upande wa pili hupanda hadi za hatari. Rezista ya mzigo nimeilehemu kwenye miguu ya CT yenyewe, kabla ya kiunganishi, ili hata plagi ikichomoka CT isibaki wazi.

Mzigo ni 100 Ω. Kwa hiyo 1 A ya mota hunipa 100 mV, na 5 A hunipa 0.5 V.

Ijumaa. Komparata

Diodi za kawaida za kunyoosha AC hazifai hapa, kwa sababu hula karibu 0.6 V na ishara yangu yote kwa mota iliyojaa ni kilele cha 0.7 V. Nimeinua ishara: mguu mmoja wa CT umekaa kwenye 1.65 V, nusu ya 3.3 V, ili wimbi lipande na kushuka kuizunguka nusu hiyo. Ishara moja inakwenda kwenye pini ya analogi, nyingine kwenye LM393, ambayo ina komparata mbili ndani ya ganda moja; komparata hulinganisha volti mbili na kusema ipi iko juu.

LM393 ina tabia ya kukumbukwa: ingizo zake hazifanyi kazi vizuri zikizikaribia volti zake za chakula kwa chini ya 1.5 V. Ningeilisha 3.3 V, kikomo kingekuwa 1.8 V, na kizingiti changu kiko 1.79 V. Hapo ni kutembea ukingoni. Nimeilisha 5 V, na kwa kuwa tokeo lake ni transista yenye kolekta iliyo wazi, inayoweza kuvuta chini tu, rezista ya kuvuta nimeipeleka 3.3 V bila haja ya kibadilisha volti.

Komparata ya kwanza ina kizingiti cha 0.14 V juu ya nusu, sawa na kilele cha 1 A. Mota hii ikizunguka bila mzigo wowote huchukua karibu 3.8 A, kwa hiyo 1 A iko mbali na pande zote mbili: mkondo wa 7 mA wa rilei iliyozimwa hauwezi kuifikia hata kidogo, na mota iliyo hai haiwezi kushuka chini yake. Komparata ya pili inalinganisha wimbi na ile nusu yenyewe ili kujua mkondo unapopita sifuri.

Mota inapoanza hutaka 30 A au zaidi, na 100 Ω ingetoa kilele cha zaidi ya 4 V. Rezista ya 10 kΩ mfululizo na jozi ya diodi za Schottky zinazokata juu na chini zimetosha kulinda ingizo. Pini ya analogi inafika ukomo kwenye takriban 11.7 A, na hilo halinisumbui. Nikiona wimbi limekatwa kichwa, tayari najua mkondo umepita mara mbili ya wa bamba.

Jumatatu nyingine. Optokapla inarudi kazini

Nimetazama tena karatasi ya hali. Swichi ya joto: CT inaitambua. Rota iliyokwama: CT inaitambua, kwa ukubwa wa mkondo usioshuka. Imebaki pampu kavu.

Nilitarajia mkondo ungeshuka sana pampu ikikosa maji. Kwenye mota ndogo ya fezi moja haushuki sana, kwa sababu sehemu kubwa ya mkondo ni ya kujenga sumaku ndani ya chuma, na hiyo inahitajika uwe na mzigo au usiwe nao. Nimepima 5.2 A pampu ikiwa na maji na 4.0 A ikiwa kavu. Tofauti ipo, lakini volti za njia zikipanda, mkondo wa sumaku hupanda nao, tena kwa kasi zaidi chuma kikikaribia kushiba. Pampu kavu kwenye volti za juu inaweza kusomeka kama pampu yenye maji kwenye volti za chini. Kizingiti cha ampea peke yake kingekuwa kamari.

Kinachobadilika waziwazi ni pawa fakta, ambayo hutokana na pembe kati ya wimbi la volti na wimbi la mkondo. Mota isiyo na mzigo huchelewesha mkondo nyuma ya volti kwa pembe kubwa. Ikipata mzigo, pembe hupungua. Na ili kupima pembe nahitaji vitu viwili tu: wakati volti zinapopita sifuri, na wakati mkondo unapopita sifuri. Cha pili kinatoka kwenye CT. Cha kwanza kimekuwa kwenye bodi tangu Jumanne: optokapla.

Kwa 50 Hz wimbi moja ni milisekunde 20, kwa hiyo nyuzi moja ni kama mikrosekunde 56. Mikrokontrola yoyote ya leo inapima hilo bila jasho. Pigo la optokapla lina upana, kwa sababu LED huzima kabla ya sifuri na kuwaka baada yake, kwa hiyo programu inasoma kingo zote mbili na kuchukua katikati. Kisha inahesabu muda mpaka mkondo uvuke sifuri.

Kwanza nilisawazisha kwa hita, ambayo ni rezista tupu na pembe yake ni sifuri. Muda uliosomeka hapo ni uchelewaji wa saketi zangu pamoja na kosa dogo la CT, na programu huutoa kila mara. Baada ya hapo mota yenye maji ilisoma takriban milisekunde 2.1, yaani nyuzi 38. Pampu kavu ilisoma 3.8, yaani nyuzi 68. Kati ya hali hizo mbili kuna pengo la milisekunde 1.7, kubwa kiasi kwamba kizingiti kinaweza kukaa katikati kwa amani. Nilifurahi sana mbele ya oskiloskopu.

Tahadhari kwa mwenye mota ya kapasita ya kudumu, isiyotolewa baada ya kuanza: kapasita hiyo hubadilisha pembe yote, na namba zangu hazitamfaa. Apime mota yake ikiwa na mzigo na ikiwa haina, ndipo aweke kizingiti.

Jumanne. Umbali kwenye bodi

Optokapla inaandikwa 5,000 V, lakini hiyo ni kwa jaribio la dakika moja na ni ya ndani ya ganda. Nje ya ganda, umeme hutambaa juu ya uso wa bodi kupitia vumbi na unyevu. Miguu ya ganda la kawaida ina nafasi ya 7.62 mm kati ya safu na safu. Ukitoa upana wa pedi unabaki na chini ya 6 mm. Nimechagua toleo la miguu iliyotanuliwa, 10.16 mm, na kukata mwanya kwenye bodi chini ya chipu. Umbali mdogo kabisa kati ya pande mbili sasa ni 8 mm, na hakuna shaba, skrubu wala maandishi ya chuma ndani ya ukanda huo.

Upande wa 230 V una fyuzi ndogo na varista ya 275 V, kifaa kinachomeza volti zinazoruka juu ghafla. Mota ni koili kubwa, na koili ikikatwa hurusha volti.

Kwa wanaopima: klipu ya arthi ya probu ya oskiloskopu isiguse upande wa 230 V hata mara moja. Klipu hiyo imeungana na arthi ya jengo, kwa hiyo kuifunga kwenye laivu ni kupiga shoti kupitia oskiloskopu. Vipimo vyangu vyote vimechukuliwa upande wa 3.3 V.

Jumatano. Programu na mipaka yake

Mantiki imebaki fupi. Komparata ya 1 A isipotoa pigo kwa milisekunde 60, yaani mawimbi matatu, mkondo haupo. Mapigo yakija mfululizo kwa milisekunde 200, mkondo upo. Sekunde mbili za mwanzo ukubwa wa mkondo haupimwi, ili mota imalize kuanza. Baada ya hapo, mkondo ukiwa bado juu ya mara mbili ya bamba, rota imekwama na rilei inazimwa. Pembe inapimwa kwa wastani wa sekunde moja, na pampu hutangazwa kavu ikiwa pembe imekaa juu ya nyuzi 55 kwa sekunde kumi. Viputo vya hewa vya muda mfupi havistahili kengele.

Amri ikiwa "washa", optokapla ikiwa na mapigo na CT ikiwa kimya, koili au swichi ya joto imefunguka. Amri ikiwa "zima" na CT ina mkondo, triaki imeungua ikiwa imeshikana, na hiyo ndiyo hitilafu ya kawaida ya rilei za aina hii. Kwa hali hiyo nimeongeza kontakta ya juu, yaani rilei kubwa inayokata umeme kabla ya triaki, ambayo programu inaweza kuiachia.

Saketi hii haithibitishi kwamba shafti imesimama. Mkondo ukishatoweka, feni na mkanda huendelea kuzunguka. Anayetaka kuweka mkono ndani azime swichi kuu, aifunge kwa kufuli, asubiri na aone kwa macho. Panapohitajika uhakika wa mzunguko, weka sumaku kwenye shafti na kihisi cha Hall, kinachohisi sumaku, karibu yake. Utengano ni wa hewa, na ni rahisi pale shafti inapofikika. Pampu ya kuzama kisimani haitoi nafasi hiyo.

Na kama mota inaendeshwa na kiendeshi cha kubadili kasi, bodi hii isiwekwe baada ya kiendeshi. Tokeo lake ni mapigo ya masafa ya juu, na vipimo vya sifuri havitakuwa na maana. Vingi vya viendeshi hivyo vina terminali yao ya rilei inayosema mota inaendeshwa, nayo imeshatengwa.

Kilichobaki ni kisanduku, na kujaribu kihami kwa mita ya 500 V DC kati ya pande mbili baada ya bodi kukaa kwenye unyevu. Faili za bodi nitaziweka jaribio hilo likishapita.